Jaji alishasema kifungo ni batili, mbona Abu Bakker Qassim hakutoka?

Swali: "Shikamoo wakili. Nasoma sheria mwaka wa pili, tumepewa kesi ya Abu Bakker Qassim, yule Muighur (jamii ya Waislamu wa magharibi mwa China) aliyefungwa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani kule Cuba. Nimeisoma hukumu nikarudia na bado sijaelewa. Jaji anasema waziwazi kwamba kumshikilia huyu mtu ni kinyume cha sheria, halafu mwishoni anakataa kumwachia. Inakuwaje? Na mbona aliishia Albania, nchi ambayo hana ndugu wala lugha? Halafu alilipwa chochote?"

Marahaba mdogo wangu. Wala usijione mzito, ile hukumu imewatoa jasho hata mawakili wenye mvi. Kwa kifupi ni hivi: jaji aliona ana mamlaka ya kusema huyu mtu anashikiliwa isivyo halali, ila hakuona kama ana mamlaka ya kumwingiza Marekani, na kwa mtu ambaye hawezi kurudi kwao, kuachiwa bila nchi ya kwenda ni maneno matupu. Sasa tuichambue taratibu, maana ukiisoma hukumu bila kujua yule bwana alifikaje pale utapotea tu.

Qassim ni mtu wa Ghulja, mji wa Xinjiang upande wa mpaka wa Kazakhstan, palepale ambapo Februari 1997 maandamano ya Wauighur yalizimwa kwa nguvu na watu wengi wakakamatwa. Alitoka China akaacha familia, nia yake ilikuwa afike Uturuki apate kazi. Yeye na mwenzake Adel Abdul Hakim wakawa wanasubiri viza ya kupita Iran, na wakati wanasubiri wakasikia kuna kijiji Afghanistan, kwenye milima ya Tora Bora, ambako wapo Wauighur wenzao na mtu anapata pa kulala na chakula bila kulipa, kazi yake kukarabati nyumba. Wakaenda. Na hapa nisikufiche kitu, maana serikali ya Marekani iliikalia hoja hii miaka yote: pale kijijini kulikuwa na silaha na baadhi yao walifundishwa kuifungua bunduki na kuifunga. Wenyewe walisema kama kuna mtu waliyemuona adui basi ni serikali ya Beijing, Marekani hata hawakuwa wanaifikiria.

Oktoba 2001 mabomu yakaanza kuanguka, kijiji kikapigwa, wakakimbilia milimani, na Desemba kundi lao likavuka kuingia Pakistan. Huko wakapokelewa vizuri na wenyeji, wakalishwa, halafu wakaishia mikononi mwa askari wa Pakistan. Kumbuka wakati huo ndege za Marekani zilikuwa zinamwaga vipeperushi vinavyoahidi pesa ya kulisha familia na kijiji maisha yote kwa atakayewaleta magaidi, sasa mgeni asiyejua lugha, hana karatasi, katoka milimani, nani atauliza kama ni gaidi kweli? Bei yao iliyotajwa ni kama dola 5,000 kwa kichwa. Wakakabidhiwa kwa Wamarekani, wakakaa Afghanistan karibu miezi 6, na Juni 2002 wakashushwa Guantanamo. Jumla Wauighur waliopita pale ni 22.

Kuna kipande cha mwaka huohuo huwa nakirudia kwa wanafunzi. Septemba 2002 Marekani iliruhusu maofisa kutoka China waje Guantanamo kuwahoji hawa jamaa. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani ya 2008 ikaja kueleza kwamba askari wa Kimarekani waliwaamsha baadhi yao kila baada ya dakika 15 usiku wa kabla ya mahojiano ili wachoke. Yaani mtu kakimbia serikali yake akafika nusu ya pili ya dunia, na serikali ileile ikapandishwa ndege ikaletwa mpaka chumbani kwake. Ukishaliona hilo utaelewa kwa nini baadaye hakuna aliyethubutu kusema tuwarudishe tu China.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Juni 2004 Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Rasul ikasema wafungwa wa Guantanamo wanaweza kuleta ombi la habeas corpus, lile la kumtaka anayekushikilia aeleze mbele ya jaji kwa sheria gani. Jeshi likakimbilia kuunda majopo ya maofisa watatu watatu ya kupitia kila mfungwa na kuamua kama ni mpiganaji adui. Mfungwa hana wakili, ushahidi wa siri haoni. Wakapitiwa watu 558, na hata kwa utaratibu ule uliopinda 38 wakaonekana hawastahili kuitwa wapiganaji adui. Kati ya hao 38 Wauighur walikuwa 5, Qassim na Adel wakiwemo. Wengine 17 wakabaki na ile alama, na wengi wao walitoka kijiji kilekile, njia ileile, wakakamatwa pamoja. Usiniulize mantiki, hakuna.

Jopo liliwasafisha Qassim na Adel Machi 2005. Unajua nani hakuambiwa? Mahakama, wala wakili wao. Sabin Willett, wakili wa kampuni kubwa tu ya Boston aliyechukua kesi bila malipo, alienda kisiwani kuwaona Julai akiwa bado anajipanga kuthibitisha kwamba wateja wake si magaidi, anawakuta wamefungwa minyororo kwenye sakafu, na ni wao wenyewe wanaomwambia kwamba jeshi lilishakubali zamani. Miezi 4 imepita! Serikali ilikuwa inaendelea na kesi mahakamani kama vile hakuna kilichotokea. Jaji James Robertson alipojua hakufurahi hata kidogo, na malalamiko yalipofikishwa kwake wale jamaa wakahamishiwa kambi ndogo iitwayo Iguana yenye masharti nafuu na upepo wa bahari. Uzio ukabaki palepale.

Ndipo ikaja ile hukumu inayokusumbua, Desemba 22, 2005. (Wiki ileile Robertson alijiuzulu kwenye mahakama ya siri inayosimamia vibali vya udukuzi, baada ya kufichuka kwamba Bush alikuwa anadukua simu bila vibali. Kwa hiyo usimdhanie ni jaji mwoga au wa serikali.) Alisema kifungo chao sasa hakina mwisho na hakiruhusiwi na sheria. Vita inakupa haki ya kumshikilia adui asirudi uwanjani, sasa ukishakubali mwenyewe kwamba si adui, unamzuia asirudi wapi? Hapo hakuuma maneno.

Halafu akafika kwenye nafuu, yaani kile ambacho mahakama inaamuru aliyeshinda apewe, na hapo ndo pa kusoma polepole. Angalia njia alizokuwa nazo. Kuwarudisha China haiwezekani, maana Marekani imesaini Mkataba dhidi ya Mateso na kifungu cha 3 kinakataza kumpeleka mtu anakoweza kuteswa, na Colin Powell akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alishatamka hadharani 2004 kwamba hawarudi China. Kufungua geti la kambi watoke haiwezekani, upande mmoja bahari na mwingine Cuba, na pale ndani ni kituo cha jeshi, raia wa kigeni hazururi tu. Kuamuru nchi nyingine iwapokee haiwezekani, jaji wa Washington hana amri juu ya Sweden. Imebaki moja, waje Marekani yenyewe.

Na hapo Robertson akakutana na ukuta wa uhamiaji. Mahakama za Marekani kwa zaidi ya karne zimeshikilia kwamba nani aingie nchini ni suala la Bunge na Rais. Ukitaka kuuona huo ukuta vizuri tafuta kesi ya Mezei ya 1953. Mzee kaishi Buffalo miaka 25, katoka kwenda Ulaya, kurudi anazuiwa kwa sababu za usalama ambazo haonyeshwi, kila nchi inamkataa, anabaki amekwama Ellis Island, na Mahakama Kuu ikasema hatuwezi kuingilia. Ndiyo, ipo kesi ya Zadvydas ya 2001 na ya Martinez ya 2005 zilizoweka kama miezi 6 hivi kwa mtu ambaye hana pa kurudishwa, na mawakili wa Qassim wakaing'ang'ania ya Martinez, lakini hizo ziliwahusu watu ambao tayari walikuwa ndani ya ardhi ya Marekani. Qassim hakuomba kuingia Marekani, alibebwa akapelekwa Cuba akiwa amefungwa macho na pingu, na bado alipotaka kutoka akahesabiwa kama mgeni anayebisha hodi mpakani.

Robertson akaandika kwamba kuwaachia ndani ya Marekani kuna athari za usalama na za kidiplomasia zilizo juu ya uwezo wa mahakama yake, kwa hiyo hana nafuu ya kuwapa. Mimi naona aliishia njiani. Habeas maana yake ni mlete huyo mtu hapa, na angeweza kuamuru waletwe mbele yake kisha serikali ihangaike na viza baadaye, mwenye kuleta tatizo ndiye atafute ufumbuzi. Kuna wenzangu wanasema angeamuru hivyo mahakama ya rufaa ingemfuta kesho yake, na kwa yaliyokuja kutokea 2008, ambayo nakueleza hapa chini, siwezi kuwabishia sana. Ila kufutwa na wakubwa ni jambo moja na kujifunga mikono mwenyewe ni jambo jingine, kwenye mtihani wako unaweza kuutetea upande wowote mradi uoneshe umeijua Mezei.

Kuhusu Albania sasa. Marekani ilibisha hodi nchi nyingi sana na nyingi zilikuwa zinaiogopa China, biashara ni biashara. Ujerumani, ambako Munich kuna jumuiya kubwa ya Wauighur na ingefaa kuliko zote, haikuwachukua. Kingine, nchi zilikuwa zinauliza swali la maana kabisa, kama hawa ni watu salama mbona nyie wenyewe hamuwataki? Albania ilikuwa maskini, inatafuta kuingia NATO, inahitaji urafiki wa Washington, ikakubali. China ikapiga kelele kwamba hao ni magaidi warudishwe kwao, Albania ikakaza.

Angalia na tarehe, maana hakimu mzuri anasoma kalenda. Rufaa ya Qassim ilipangwa kusikilizwa Jumatatu Mei 8, 2006. Ijumaa Mei 5 wale Wauighur 5 waliosafishwa wakapandishwa ndege ya kijeshi kwenda Tirana, mji mkuu wa Albania, na siku hiyohiyo serikali ikaiomba mahakama ya rufaa ifute kesi kwa sababu hakuna tena cha kuamua. Ikafutwa. Kwa hiyo lile swali lako, kama jaji anaweza kumtoa mtu asiye na nchi ya kwenda, halikujibiwa na mahakama ya juu kupitia Qassim. Kwa yeye binafsi alhamdulillah alitoka, baada ya miaka 4 na zaidi. Kwa wale 17 waliobaki ilikuwa balaa.

Na hao 17 ndio wameacha kesi ambayo watu wa Afrika Mashariki wanapaswa kuijua hata kwa jina tu, Kiyemba dhidi ya Bush, baadaye Kiyemba dhidi ya Obama. Jamal Kiyemba ni mzaliwa wa Uganda aliyekuwa anaishi Uingereza, naye alifungwa Guantanamo, na kwa kuwa Wauighur hawakuwa na njia ya kuwafikia mawakili alisimama kama rafiki wa kuwaombea mahakamani. Yeye alirudishwa Uganda 2006, jina lake likabaki kwenye majalada ya watu wa Xinjiang.

Juni 2008, siku chache baada ya kesi ya Boumediene, ambayo Mahakama Kuu ilisema wafungwa wa Guantanamo wana haki ya kikatiba ya habeas corpus, mahakama ya rufaa ya Washington ikaupitia ushahidi dhidi ya mmoja wao, Huzaifa Parhat. Hukumu aliandika Jaji Merrick Garland, yuleyule aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Alizichukua zile nyaraka za intelijensia akazisoma mstari kwa mstari, akakuta zimejaa "inasemekana" na "inaripotiwa" bila kutaja nani kasema wala kajuaje, na serikali inajitetea kwamba mambo haya yametajwa kwenye nyaraka zaidi ya moja kwa hiyo ni kweli. Garland akawajibu kwamba kitu kusemwa mara tatu hakukifanyi kiwe kweli. Isome hata kama haimo kwenye orodha ya mwalimu wako, ni somo zima la ushahidi.

Baada ya hapo serikali ikakubali kwamba wote 17 si wapiganaji adui, tukarudi kwenye ukuta uleule. Oktoba 7, 2008 Jaji Ricardo Urbina akafanya ambacho Robertson hakufanya, akaamuru waletwe mahakamani kwake Washington Ijumaa ya wiki ile na waachiwe humohumo Marekani. Familia za Wauighur wa maeneo ya Washington zilishajitolea kuwapokea majumbani, Tallahassee kule Florida nako watu walishajiandaa kupokea wengine. Kesho yake mahakama ya rufaa ikasimamisha amri, na Februari 2009 ikaitengua kabisa kwa sababu zilezile za uhamiaji.

Basi ikawa kugawa watu kama mizigo. Wanne Bermuda Juni 2009, Uingereza ikakasirika kwa sababu kisiwa ni chake na haikuulizwa, nao wakaanza kufanya kazi kwenye uwanja wa gofu. Sita Palau, kisiwa cha Pasifiki. Na hapo ndo kuna ndugu wawili, Arkin na Bahtiyar. Bahtiyar, mdogo, ndiye aliyetangulia kuondoka nyumbani, na kaka yake Arkin alitoka Xinjiang kumtafuta, akakamatwa akamkuta mdogo wake Guantanamo. Arkin akaugua akili kule kifungoni. Palau ikamkubali Bahtiyar ikamkataa Arkin kwa sababu ya ugonjwa, na Bahtiyar, ambaye mlango umeshafunguliwa baada ya miaka 7, akasema siendi bila kaka yangu, akabaki. Wakasubiri mpaka jimbo la Jura kule Uswisi likawapokea wote wawili Machi 2010. Mahakama Kuu ilikuwa imekubali kusikiliza kesi ya Kiyemba, ila kwa kuwa sasa kila mmoja alishapata ofa ya nchi fulani ikaachana nayo Machi 1, 2010. Wawili wakaenda El Salvador 2012, watatu wa mwisho wakaondoka kwenda Slovakia Desemba 31, 2013. Piga hesabu mwenyewe, 5 na 4 na 6 na 2 na 2 na 3.

Usidhani tatizo hili ni la asiye na kwao tu. Mkenya Mohammed Abdulmalik Bajabu alikamatwa Mombasa 2007, bodi ya mapitio ikasema anaweza kutolewa 2021, nchi yake ipo na inajulikana, na bado alirudi Kenya Desemba 2024.

Qassim mwenyewe alianzia kituo cha wakimbizi nje kidogo ya Tirana, hajui Kialbania, Wauighur hakuna zaidi ya wale wanne aliokuja nao, familia iko China na kuipata ni kazi. Mwishowe akajifunza kutengeneza piza na hiyo ndiyo ikawa riziki yake. Adel alikuwa na dada yake Sweden, akaenda kumtembelea Novemba 2007 akaomba hifadhi hukohuko, kwanza akakataliwa kwa hoja kwamba Albania ilishampa, ila Februari 2009 akashinda. Na Novemba 2020 Marekani ikaja kuliondoa kwenye orodha yake ya ugaidi lile kundi la Wauighur liitwalo ETIM ambalo hawa watu walikuwa wanahusishwa nalo.

Malipo hakuna mdogo wangu. Marekani haikumpa Qassim fidia wala haikumwomba radhi, na sheria ya mahakama za kijeshi ya 2006 iliwafungia wafungwa wa Guantanamo mlango wa kudai madhara mahakamani. Uingereza ndiyo iliyowalipa wafungwa wake wa zamani 2010 ili kumaliza kesi nje ya mahakama, lakini hao walikuwa raia au wakazi wake.

Kwa mtihani, soma kwa mpangilio huu: Mezei, Zadvydas, Martinez, halafu Qassim, halafu Parhat, umalizie na Kiyemba ya Februari 2009 pamoja na maoni ya Jaji Judith Rogers, ambaye hakukubaliana na wenzake kwenye hoja ya mamlaka ya mahakama. Hoja ambazo Robertson hakuzifuata utazikuta kwake zimeandikwa vizuri kuliko nilivyokuandikia mimi.